Ukidhulumiwa, karama za Roho zinakusaidia nini hasa?

#1 Bawabu wa Usiku (mleta uzi)
Salaam wanajukwaa. Niende moja kwa moja.

Nilikuwa mtunza stoo, mwaka wa sita kazini. Siku moja naletewa hati ya kupokea mzigo nisaini, mzigo wenyewe sijauona. Nauliza uko wapi, najibiwa "wewe saini, utakuja." Sikusaini. Wiki tatu baadaye nikapewa barua kwamba nimesababisha upotevu wa mali, na yule aliyeleta ile hati ndiye aliyekalia kiti changu.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza vizuri, sitamsema vibaya. Akaniombea, akaniambia nisihangaike na wanadamu, nitafute kujazwa Roho na kupokea karama, kwa kuwa kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Nilifunga, nikaomba, na ndiyo, nilinena kwa lugha kwa mara ya kwanza maishani. Asije mtu hapa akaniambia nilijifanya. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Kesho yake naamka, barua bado iko mezani.

Sasa nauliza: karama za Roho ni jibu la dhuluma, au ni dawa ya kutuliza maumivu ili dhuluma iendelee bila kelele? Naomba waliopitia wajibu.

#2 Kaa la Moto
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Leo hapatalalika.

#3 Mama Pacha
Pole sana kaka yangu. Nina la kusema ila ni refu, nitarudi watoto wakilala.

#4 Mzee wa Kanuni
Mleta uzi unachanganya mambo mawili. Karama ni tisa, zimeorodheshwa 1 Wakorintho 12: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, matendo ya miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha, tafsiri za lugha. Hakuna ya kumi inayoitwa kudai mafao. Zimetolewa kulijenga kanisa. Mambo ya barua yana wanasheria wake.

#5 Pengo la Jino
Jibu fupi: kutuliza. Marx alishasema tangu 1844 kwamba dini ni kasumba ya watu. Bosi akikudhulumu, badala ya kumfuata bosi unajifungia chumbani unatoa maneno ambayo hata wewe mwenyewe huyaelewi. Bosi anakupenda sana mtu kama wewe.

#6 Chumvi Kiasi
#4 mzee wangu, nani kakwambia tisa? Hizo ni za mstari wa 8 hadi 10. Shuka mpaka wa 28 sura hiyohiyo, utakuta masaidiano na maongozi. Nenda Warumi 12 utakuta kufundisha, kukirimu, kusimamia, kurehemu. Orodha hazifanani, maana yake hata mwandishi hakuwa anafunga hesabu. Sisi ndio tumechagua zile zenye kishindo tukaacha nyingine zote ziitwe "kujitolea".

#7 Msoma Pembeni
#5 kila mtu anaikata hiyo nukuu ya Marx katikati. Kabla hajafika kwenye kasumba anasema dini ni kite cha kiumbe aliyeonewa, ni moyo wa dunia isiyo na moyo. Hakuwa anawacheka wanaonewa. Kasumba wakati huo ilikuwa dawa ya maumivu, watu waliinunua dukani. Kwa hiyo hata kwa Marx swali la Bawabu liko palepale: anayepiga kite amepigwa na nani?

Mimi siamini, ila nukuu tuziheshimu.

#8 Pengo la Jino
Sawa mwalimu. Lakini kite hakijawahi kumrudisha mtu kazini.

#9 Nuru ya Jioni
Bwana asifiwe wapendwa. #5 na #8, hujui historia ndugu yangu. Uamsho wa Kipentekoste wa Azusa, Los Angeles, 1906, ulianza na nani? William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, mwenye jicho moja bovu. Marekani ya wakati huo, hasa majimbo ya kusini, sheria zilimtenga mweusi na mweupe kuanzia kwenye behewa mpaka makaburini. Pale Azusa weusi, weupe na Wameksiko walipiga magoti kwenye sakafu moja wakawekeana mikono. Hakuna mahakama iliyowaamuru, Roho ndiye aliyevunja ule mstari. Na Seymour alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Charles Parham kule Topeka, mwalimu mweupe, wakikaa darasa moja.

#10 Msoma Pembeni
Nakurekebisha kidogo #9. Seymour alisoma kwa Parham Houston, siyo Topeka. Topeka ni habari ya 1901. Na darasa moja hawakukaa. Kwa sababu ya ubaguzi alikaa nje, anasikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi. Halafu Parham alipoitembelea Azusa mwishoni mwa 1906, moja ya mambo yaliyomchefua ni huko kuchanganyika kwa rangi.

#11 Chumvi Kiasi
Yaani mwalimu wa kunena kwa lugha anamweka mwanafunzi mlangoni kwa sababu ya ngozi. Hapo tu pana mahubiri ya mwezi mzima. Alikuwa na karama, hilo sibishi. Mlango je?

#12 Mzee wa Kanuni
Na uliendelea muda gani huo umoja wa Azusa? Miaka michache. Kufikia 1914 dhehebu la Kipentekoste la Assemblies of God linaundwa, karibu wote weupe. Mpaka 1994 ndipo viongozi wa Kipentekoste weupe na weusi wakakutana Memphis kuombana msamaha. Miaka themanini! Kama karama ndiyo dawa ya dhuluma, mgonjwa alichelewa sana kupona.

#13 Nuru ya Jioni
Asante kwa marekebisho #10. #12, dawa haikushindwa mzee, mgonjwa aliacha kuinywa.

#14 Kaa la Moto
Nimeipenda hiyo. Naiweka kwenye stetasi.

#15 Mpiga Filimbi
Naona mnazunguka. Mchungaji wa Bawabu yuko sahihi. Bosi ni chombo tu, nyuma yake kuna roho ya dhuluma. Ukimshtaki bosi umekata tawi, mzizi uko kwenye ulimwengu wa roho. Funga siku 21, uvunje madhabahu za adui, huyo bosi ataota ndoto mbaya mpaka akupigie simu mwenyewe.

#16 Tunda Moja
#15 naomba nikuulize kwa adabu. Matendo 16, kule Filipi, yule mjakazi mwenye pepo wa uaguzi. Paulo alimtoa pepo, sawa. Lakini nani walimkamata Paulo wakampiga? Siyo pepo. Ni mabwana zake yule binti, walipoona faida yao imekwisha. Andiko linasema hivyo waziwazi, tumaini la pato lao limepotea. Pepo alitoka kwa sentensi moja. Waliokuwa wakila jasho la binti ndio walioleta viboko.

Halafu watu hufunga kitabu kwenye tetemeko na milango ya gereza. Endelea kusoma. Asubuhi makadhi wanatuma watu waseme waachieni waende zao. Paulo anakataa! Anasema wametupiga hadharani bila kutuhukumu, nasi ni Warumi, halafu watutoe kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Usiku ameimba mpaka misingi ya gereza ikatikisika, asubuhi anadai haki yake ya uraia. Mtu yuleyule, na hajaona mgongano wowote.

#17 Mpiga Filimbi
Sijasema asidai. Nimesema aanze rohoni.

#18 Tunda Moja
Umesema bosi ataota ndoto.

#19 Kaa la Moto
Hahaha wakuu tulieni. Bosi wangu mimi anaota mchana, sijui aliombewa na nani.

#20 Mama Pacha
Nimerudi. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja siku ya tisa, wakiwa na karatasi kwamba nyumba aliwauzia kabla ya kuugua. Saini haikuwa yake. Mtu niliyeishi naye miaka kumi na nne, nisijue anavyoandika jina lake?

Kwenye kikundi chetu cha maombi alikuwepo mama mwenye karama ya unabii, watu wanatoka mbali kumwona. Aliniwekea mkono akasema, "Siku arobaini, nyumba inarudi." Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya arobaini nililala nimevaa nguo za kutokea.

Haikurudi. Nilipomuuliza akasema pengo liko kwenye imani yangu. Nikawa nimedhulumiwa mara mbili, na hiyo ya pili iliuma zaidi.

Lakini kikundini alikuwemo dada mwingine, mkimya, hajawahi kutoa unabii wala kunena. Alikuja akaniuliza tarehe ya kesi. Akanisindikiza mahakamani. Mara ya kwanza kesi iliahirishwa. Alikuja ya pili, ya tatu. Mara kumi na moja! Alibeba jalada langu kwenye mfuko wa nailoni ili lisilowane. Hakuwahi kuniambia Bwana amesema. Alikuwa akiniambia, "Kula kwanza kabla hatujaingia."

Kesi iliisha mwaka wa tatu. Nusu niliipata, nusu bado tunavutana. Sasa nyie mniambie, kati ya wale wawili Roho alikuwa kwa nani?

#21 Chumvi Kiasi
Masaidiano. 1 Wakorintho 12:28, neno ndilo hilo. Nimeandika #6 bila kujua kwamba mtu atakuja na mfano.

#22 Bawabu wa Usiku
Dada yangu Mama Pacha, nimekusoma mara mbili. Asante.

#23 Mzee wa Kanuni
Pole mama. Nami nakubali nilikosea kwenye idadi. Ila ndio maana tuliolelewa kwenye mafundisho ya zamani tunasema unabii wa namna hiyo ulikoma na mitume. Ukiuruhusu, kila mtu anakuwa msemaji wa Mungu na hakuna wa kumdai. Unabii wa siku arobaini ukikwama, nani anawajibika?

#24 Nuru ya Jioni
Haukukoma mzee. Imeandikwa tu kwamba wengine wapambanue. 1 Wakorintho 14, manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Tatizo la kikundi cha Mama Pacha ni kwamba waliokuwepo wote walisema amina.

#25 Pengo la Jino
Nimesoma #20 nikanyamaza kidogo. Lakini angalieni kilichofanya kazi: jalada, mahakama, na rafiki. Roho Mtakatifu yuko wapi katika hivyo vitatu? Hata mimi nisiyesali ningemsindikiza.

#26 Mama Pacha
Ungenisindikiza mara ngapi, mwanangu?

#27 Kaa la Moto
Uwiiii. Pengo jibu hilo.

#28 Pengo la Jino
Ya nne ningepata udhuru. Nakiri.

#29 Mwana wa Kongo
Habari za jioni. Mbona hamjamtaja Simon Kimbangu? Mbaptisti wa Nkamba, Kongo, 1921, akaanza kuponya wagonjwa. Watu waliacha mashamba na kazi za Wabelgiji wakamiminika kwake. Hakubeba mkuki wala kuhubiri vita, na bado serikali ya kikoloni ilitetemeka. Wakamnyonga mwaka uleule. Kama karama ni dawa ya usingizi, mbona mkoloni hakuwaacha walale?

#30 Msoma Pembeni
Hoja nzuri ila hakunyongwa. Alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kifo na viboko 120, kisha mfalme wa Ubelgiji akabadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Miaka thelathini ndani kwa huduma ya miezi michache.

#31 Mwana wa Kongo
Umenisahihisha vyema, ahsante. Na kanisa lake likaja kutambuliwa na serikali 1959, kabla ya uhuru.

#32 Pengo la Jino
Basi hapo ndipo ninapokwama. Aliponya wengine, mwenyewe akafia ndani. Askofu Óscar Romero wa El Salvador, Machi 23, 1980, aliwasihi askari kwenye mahubiri waache kuua. Kesho yake akapigwa risasi akiongoza misa. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, akaandika barua ya kumpinga Idi Amin, Februari 1977 akauawa. Karama zinawalinda wanaodhulumu kuliko wanaodhulumiwa.

#33 Tunda Moja
Nani aliahidi ulinzi? Soma Nabothi, 1 Wafalme 21. Tena Bawabu hii ni yako kabisa, maana nayo ni kesi ya hati za kughushi. Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, mtu akapigwa mawe kwa ajili ya shamba la mizabibu. Kila kitu kilifuata utaratibu: barua, muhuri, baraza, mashahidi. Eliya akapewa neno akamkuta mfalme ndani ya shamba lenyewe akamuuliza, umeua na kumiliki pia?

Hiyo ndiyo karama ya unabii ninayoijua, kumwambia mwenye nguvu alichofanya wakati muhuri unasema hakufanya. Kutabiri nani atapata mchumba ni habari nyingine.

#34 Mlangoni
Lakini Eliya alifika Nabothi ameshakufa.

#35 Tunda Moja
Ndiyo. Sina jibu la hilo.

#36 Chumvi Kiasi
Kuna jambo moja ambalo watu hulipita, sasa kwa kuwa tumefika hapa. Sura za karama ni 12 hadi 14. Sura ya 11 inaishaje? Paulo anawagombeza Wakorintho kwa sababu kwenye chakula cha Bwana matajiri wanatangulia kula, huyu ana njaa na huyu amelewa, wanawatahayarisha wasio na kitu. Halafu anageuka moja kwa moja: basi, kwa habari ya karama za roho. Sisi tunaweka mapumziko hapo katikati, Jumapili hii meza, Jumapili ijayo karama.

Ndani ya 12 anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vya lazima, na Mungu amekipa heshima zaidi kile kilichopungukiwa. Kwa hiyo mimi nasema karama ni namna ya kupanga meza upya. Kanisa lenye karama zote halafu mjane anasimama nyuma, limekosa hata kama linatikisa madirisha.

Na Matendo 6 ni hivyohivyo. Wajane wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yanatokea. Mitume hawakusema "tuombeane amani." Wakasema chagueni saba waliojaa Roho, wagawe. Angalia majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Inaonekana waliowekewa funguo ni wa upande ulioonewa.

#37 Mzee wa Kanuni
Hilo la majina sikuwahi kuliona. Na nimefundisha sura hiyo miaka.

#38 Mpiga Filimbi
Mnamjaza Bawabu ujasiri wa kwenda kushtaki. 1 Wakorintho 6 inasema afadhali kudhulumiwa.

#39 Mlangoni
Hapo ni ndugu na ndugu wa kanisa moja. Na mstari unaofuata unamgeukia anayedhulumu: ninyi wenyewe mwadhulumu watu, tena ndugu zenu. Kwa nini wa "afadhali" huhubiriwa kila mwezi na huu mwingine hausomwi? Paulo huyohuyo alikata rufaa kwa Kaisari, Matendo 25.

Mimi niliwahi kuambiwa mateso ninayopata kwa msimamizi wangu kazini yanatokana na laana ya ukoo. Mwaka mzima navunja laana ya mababu, wakati mtu mwenyewe ana jina, cheo na ofisi ghorofa ya pili. Sijawahi kupoteza muda namna ile.

#40 Kaa la Moto
Ghorofa ya pili 😂 pole lakini.

#41 Msoma Pembeni
Kwa upande wa ule "uwepesi" wa #1. Martin Luther King, Januari 1956, mgomo wa weusi kususia mabasi ya kibaguzi Montgomery, Marekani, ukiwa na wiki chache, anapigiwa simu ya vitisho usiku. Anakaa jikoni, kikombe cha kahawa mbele yake, anatafuta namna ya kujitoa bila kuonekana mwoga. Anaomba kwa sauti, na kwa maelezo yake mwenyewe akasikia ndani yake akiambiwa asimame kwa ajili ya haki. Siku chache baadaye nyumba yake ikalipuliwa. Mgomo ukaenda siku 381.

Nasema nikiwa nisiyeamini: sijui kilichotokea jikoni pale. Inaweza kuwa mwili uliochoka umejitafutia nguvu. Lakini hakikumlaza. Kwa hiyo uwepesi wenyewe hauthibitishi kitu, uwe wa Mungu au wa neva. Tazama asubuhi yake mtu ameelekea wapi.

#42 Nuru ya Jioni
Kwa asiyeamini, mtumishi, unahubiri vizuri.

#43 Msoma Pembeni
Usianze.

#44 Mama Pacha
Bawabu, mimi nina swali. Siku ile ulipoletewa hati, ni nini kilikuzuia usisaini? Wenzako walikuwa wakisaini?

#45 Bawabu wa Usiku
Kabla yangu walikuwa wakisaini. Sijui, mama. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilihisi tu hapana.

#46 Tunda Moja
Kupambanua roho. Ulikuwa nayo kabla hujafunga hata siku moja.

#47 Pengo la Jino
Hiyo inaitwa utunzaji stoo. Husaini mzigo usiouona. Wanafundisha wiki ya kwanza.

#48 Tunda Moja
Na wenzake hawakufundishwa?

#49 Mzee wa Kanuni
Tusimpe mtu karama kwa nguvu jamani. Dhamiri pia ipo.

#50 Bawabu wa Usiku
Nimewasoma wote, na kusema kweli nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja, ila kwa namna nzuri. Bado naamini kilichonitokea kwenye maombi. Pia nimepata tarehe kwa wasuluhishi wa kazi, Alhamisi ijayo. Ile hati ambayo sikuisaini niliipiga picha siku ileile, na daftari langu la kupokelea mizigo lipo. Je, nikifika niwaeleze habari za imani, kwamba ndiyo iliyonizuia, au ninyamaze?

#51 Mpiga Filimbi
Waeleze. Usimwonee haya Bwana.

#52 Mlangoni
Wakikuuliza, eleza. Wasipokuuliza, onyesha daftari.

#53 Mama Pacha
Toa nakala mbili za kila kitu. Wape nakala, daftari lenyewe usiliache mkononi mwa mtu, hata akisema atalirudisha baada ya chakula cha mchana. Na unaenda na nani?